Aliyefungwa na Mvua

Kila asubuhi, saa mbili kamili, nilisikia mlango wa bati wa jirani yangu ukikwaruza saruji, kisha nyayo zake. Zilikuwa hatua kumi na nne kutoka mlangoni hadi kwenye chombo chake cha kupimia mvua, mtungi wa chuma wenye mdomo mpana, uliosimamishwa katikati ya uwanja usio na mti hata mmoja. Aliinama, akamimina maji kwenye bilauri ya kioo yenye mistari, akaiinua usawa wa jicho, akaandika. Hata wakati wa kianga, ile miezi ambayo Lubumbashi nzima inageuka vumbi jekundu na halidondoki tone, alitoka vilevile, akainama vilevile, akaandika sifuri.

Mtaa wetu wa Kamalondo ulimwita Papa Mvula, yaani Baba Mvua. Mimi niliishi naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na sita, tangu mimi na mume wangu tulipotoka Butembo kuja kuuza unga kwa jumla. Katika miaka hiyo yote sikumwona akilala nje ya ile parseli, kiwanja chake chenye ukuta.

Siku moja ya mwezi wa nane, jua likiwa kali na mbingu haina hata wingu, nilichungulia juu ya ukuta nikamuuliza, "Papa, unapima nini na mvula haiko?"

Hakukasirika. Alifuta bilauri kwa kitambaa, ingawa ilikuwa kavu.

"Zero haijiandike yenyewe, mama," alisema. "Inaomba muntu."

Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi. Nguo zake zilikuwa chache na nilizijua zote kwa kuziona kambani, lakini hakuna siku aliyotoka kwenda kupima bila kufunga kifungo cha juu, kama mtu anayeitwa mbele ya wakubwa. Namba alizitaja kwa Kifaransa, watu aliongea nao Kiswahili, na Kiluba alikiweka kwa ajili ya hasira na maombi. Alipenda munkoyo, kinywaji cha mahindi, uliokaa siku mbili na kuanza kuwasha ulimi. Paa lake lilivuja. Mvua ikinyesha alitandaza sufuria chumbani, akazunguka kuzimwaga. Nikimwambia atafute fundi, alinijibu kwamba mvua ya ndani haiandikwi.

Aliogopa radi. Sijui kama kuna aliyelijua hilo zaidi yangu. Wingu likianza kunguruma mchana upande wa kusini, alizima redio, akavaa viatu, akakaa kwenye kiti katikati ya chumba na mikono juu ya magoti mpaka lipite. Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa ya kuingoja mvua, ikija anakaa kama aliyekamatwa. Nilimcheka mara moja, naye akaniambia, "Cheka, mama. Weye unaweza kutoka."

Neno hilo sikulielewa siku hiyo. Nililielewa baadaye, nilipopata kujua jinsi alivyonasa pale.

Aliajiriwa na idara ya hali ya hewa akiwa kijana. Akaambiwa akae kwenye ile parseli, kituo kidogo cha kupimia mvua, mpaka aje mwenzake wa kumpokea. Mwenzake hakuja. Wakubwa wake wakabadilishwa, ofisi ikahamia jengo lingine, kisha lingine tena, na umri wa kupumzika ukampita bila mtu kumwambia apumzike. Angeweza kufunga mlango akaondoka, hakuna askari ambaye angemfuata. Lakini kabatini mwake mlikuwa na madaftari yaliyopangwa mwaka kwa mwaka, na katika madaftari hayo hapakukosekana hata siku moja. Hicho ndicho kilichomfunga. Akikosa siku moja, alisema, kutakuwa na tundu, na atakayesoma baada ya miaka mia hatajua kama siku ile mvua haikunyesha au ni mtu aliyelala.

"Na kuko bantu batasoma?" nilimuuliza.

"Sijue. Miye naandika kama vile bako."

Mama yake alipofariki kule Mitwaba, mdogo wake alikuja kumchukua na pikipiki. Nilikuwa napepeta unga uani, nikasikia kila kitu. Barabara ilikuwa mbovu, kwenda tu kungewachukua siku mbili.

"Yaya, kaka yangu, bazee banakungojea," mdogo wake alisema. "Hatutamuzika bila weye."

Jirani yangu alivaa viatu. Akavivua. Akavivaa tena. Alikaa kwenye kigoda chini ya upenu, akavua tena, na mara hii akaviweka ndani. Mdogo wake aliwasha pikipiki bila kuaga. Siku ya maziko, saa mbili kamili, mlango ulikwaruza saruji kama kawaida. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa msiba.

Baada ya mwezi mmoja yule mdogo wake alipita tena, amekuja mjini kwa shughuli zake, na nadhani alikuja kusamehe. Walikaa chini ya upenu. Kisha jirani yangu akamuuliza kama mvua ilinyesha siku ya kumzika mama.

"Ilinyesha sana," mdogo wake akasema.

"Kiasi gani?"

Yule mdogo wake alisimama, akavaa kofia, akatoka. Hakurudi tena. Jirani yangu alibaki ameketi pale, na nilipomletea chai aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba lile lilikuwa swali la pekee alilojua kuuliza.

Alikuwa na binti mmoja, ameolewa Mufulira, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Ukitoka alfajiri unafika mchana. Kila Jumapili alipiga simu, na kwa kuwa baba yake alisikia vibaya alikuwa akiweka sauti kubwa, nami nilisikia. "Tata, ni nusu siku tu." Naye alijibu kila Jumapili, "Nikipata wa kunipokea, nitakuya." Binti alizaa mara mbili kati ya jibu hilo na jibu hilo.

Ila ukimwuliza juu ya dunia, mtu huyo aliyekuwa hajafika hata Likasi tangu aajiriwe alikuwa akienda mbali kuliko sisi wote. Ujanani, kabla ya kuajiriwa, aliwahi kumsindikiza mtafiti mgeni aliyekuja kutoboa tope la chini ya ziwa huko kaskazini mwa jimbo. Yeye alibeba mabomba. Yule mgeni alimwonyesha tope lililotoka, tabaka juu ya tabaka, akamwambia kwamba humo mmeandikwa mvua za maelfu ya miaka. Kisha akamwambia jambo ambalo halikumtoka tena kichwani: kwamba palipo na badiliko la ghafla katika barafu ya kaskazini kabisa ya dunia, mahali ambapo hakuna anayelima wala kuchunga, hapahapa kwetu tope nalo linabadilika rangi.

"Miye nilizania mvula iko ya kwetu," aliniambia. "Kumbe inashikwa na mbali."

Alitufundisha pale bombani, wanawake tukingoja ndoo zijae. Bahari ya magharibi, alisema, inabeba joto kutoka nusu ya kusini ya dunia na kulipeleka nusu ya kaskazini, siku zote, bila kupumzika. Zamani sana barafu ya kule iliyeyuka, maji baridi yasiyo na chumvi yakamwagika baharini mengi mno, na ule ubebaji ukakwama. Kaskazini kukaganda ghafla, ghafla ya dunia, yaani ndani ya umri wa mtu mmoja. Joto lililokosa kwenda likabaki kusini. Na mkanda wa mvua, ule unaopita juu yetu kila mwaka ukienda na kurudi, ukasogezwa. Waliokuwa na mvua wakakauka, waliokauka wakafurika, wala hawakujua nani kafanya nini.

Tuliposhindwa kuelewa, alitafuta mfano. "Dunia iko kama bibi na bwana na blanketi moja," alisema. "Mumoja akivuta, mwenzake anabaki inje. Na ule mwenye kuvuta iko nalala. Hajue hata kama kuko mwingine mu kitanda."

Tulicheka mpaka ndoo zikamwagika. Kuanzia siku hiyo blanketi likawa neno la mtaa. Joto likizidi mwezi wa kumi, mtu anasema blanketi limevutwa. Yeye alifurahi kusikia neno lake likitembea. Nadhani ni mara ya pekee niliyomwona akifurahia kitu kilichotoka nje ya ukuta wake.

Furaha hiyo haikudumu, na sehemu ya kosa ni yangu.

Kulikuwa na mjane mmoja, Mama Kalenga, mwenyeji wa hapa tangu babu zake, aliyelima mahindi nje ya mji, njia ya Kasenga. Alikuwa rafiki yake. Akitoka shamba alimletea bukari na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, wakala pamoja bila maneno mengi. Mwaka ule mvua ya kwanza ilikuja mapema na kwa nguvu, wiki nzima. Mama Kalenga alimfuata kumwuliza kama apande.

"Miye napima ile imekwisha kunyesha," jirani yangu alimwambia. "Ile haiyanyesha, sijue."

"Lakini unajua mambo ya kaskazini."

"Ile ni mambo ya maelfu ya miaka, mama. Haiko ya wiki hii."

Mama Kalenga alitoka pale hajaridhika, akapita kwangu. Nami asubuhi hiyo nilikuwa nimetumiwa video kwenye simu: Ulaya imefunikwa theluji, magari yamezama, watu wanachimba milango yao kwa majembe. Nilimwonyesha. Nikamwambia, nakumbuka maneno yangu vizuri, "Ona, banavuta blanketi. Joto yote na mvula itabaki huku."

Nilisema kama mtu anayesema jambo la kupitisha muda. Yeye alilichukua akaenda nalo shambani. Alipanda mbegu zote kwa siku tatu, hata zile ambazo kila mwaka huwa anaziweka kando.

Mvua ilikatika wiki iliyofuata. Ikakatika wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Kila asubuhi mlango ulikwaruza, hatua kumi na nne, sifuri. Mahindi yalikuwa yametoka, urefu wa kiganja, kisha yakajikunja kama karatasi karibu na moto. Ng'ambo ya mpaka nao walikuwa wanaungua vilevile, wakasimamisha mahindi yao yasitoke, na malori yetu yakaanza kurudi kutoka Mokambo, mpakani, matupu. Ghala langu lilibaki na magunia yaliyokunjwa. Watu walikuja kuulizia unga, wakasimama mlangoni muda mrefu kuliko swali lenyewe. Huwezi kwenda shamba, huwezi kwenda mpakani, huwezi kwenda popote. Mji mzima ulikuwa ndani ya ile parseli yake.

Mama Kalenga alikuja asubuhi, saa mbili, akamkuta na daftari mkononi. Mimi nilikuwa ukutani. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alifungua kitenge, akatoa mche mmoja wa muhindi uliokauka, na mizizi yake na udongo wake, akauweka juu ya ukurasa.

"Andika na hii," alisema.

Alisimama kungoja. Jirani yangu alitazama ule mche. Akachukua kalamu, na upande wa kulia wa ukurasa, mahali pa maelezo, ambapo miaka yote aliandika "umande" au "ukungu" na si zaidi, aliandika mstari mzima. Nilikuja kuusoma baadaye: Mahindi ya Mama Kalenga yamekufa.

Kuanzia siku hiyo hakutamka tena neno kaskazini. Mtu akisema blanketi bombani, aliinua ndoo yake hata haijajaa akaondoka. Mimi nilikaa na lile neno langu kifuani siku tano, ya sita nikamfuata Mama Kalenga kwake nikamwambia kwamba Papa Mvula hakumwambia apande, ni mimi na simu yangu.

Alikuwa anaosha vyombo. "Yeye alinikataza, weye ukaniambia," alisema, "na njo miye nilipanda. Sasa mutakuya wote kuniomba radhi, nani atanisaidia kulima?"

Nilimsaidia kulima mvua iliporudi. Hakuna zaidi la kusema juu ya hilo, ila kwamba tulichelewa, tukavuna kidogo.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba Mama Kalenga aliendelea kwenda kwa Papa Mvula. Sasa alikwenda asubuhi. Alisimama nyuma yake akitazama maji yakipanda kwenye kioo. Alisema hataki tena kuambiwa mvua na mtu, anataka kuiona mwenyewe. Jirani yangu hakumwambia karibu wala ondoka. Baada ya miezi kadhaa nikaona ni yeye anayeinua kioo, na mwenye kituo ndiye anayesimama nyuma.

"Chini kidogo," nilimsikia jirani yangu akisema. "Jicho na maji bikuwe sawa. Njo vile."

"Naandika kwa Kifaransa?"

"Andika kwa luga yako. Namba haina kabila."

Kisha malaria ikampata jirani yangu, malaria mbaya, ile ya kuweweseka. Mama Kalenga wakati huo alikuwa amekwenda kwa ndugu zake, nami sikujua kushika kile kioo. Asubuhi ya kwanza alijaribu kuinuka akaangukia mlangoni. Nilimrudisha kitandani, mwili unawaka. Asubuhi ya pili hata mkono hakuweza kuuinua. Siku zote mbili ilinyesha. Niliona maji kwenye mtungi, nikamwambia nitakisia, niandike hata namba ya karibu, lile tundu lisiwepo.

"Uliona kwa kioo?"

"Hapana, papa. Nimeona kwa macho tu."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia sikioni, sikuwahi kumwona hivyo.

"Acha wazi," alisema.

Nafasi mbili zikabaki wazi. Alipopona alikaa siku kadhaa na lile daftari mapajani. Nilidhani atavunjika. Badala yake, Jumapili iliyofuata simu ilipolia, na binti yake aliposema ni nusu siku tu, nikamsikia akiuliza ni karatasi gani zinahitajika kuvuka mpaka.

Mama Kalenga aliporudi alipokea funguo za kituo. Hakufanya sherehe. Alimwambia tu kwamba paa hilo atalitengeneza.

Nilimwona mara ya mwisho Mokambo. Nilikuwa nimekwenda na lori na dereva wangu, kwa sababu tulisikia mahindi yamefunguliwa. Hayakuwa yamefunguliwa. Malori yalikuwa yamepangwa kando ya barabara mpaka mtu asione mwisho, madereva wametandika vitenge chini ya injini, wanapika. Wengine walikuwa na siku ya nne hapo. Nilishuka kwenda kuuliza, na kwenye benchi karibu na kizuizi nikamkuta, amefunga kifungo cha juu, begi dogo miguuni. Alikuwa hapo tangu siku iliyotangulia, watu walikuwa wengi na afisa mmoja.

"Mama," alisema, kama tumekutana ukutani. "Hata weye banakufunga."

"Wote tuko ndani, papa."

Alinionyesha kwa kidevu. Ng'ambo ya kile chuma kilicholazwa barabarani alisimama mwanamke mnene kidogo, mwenye mvi za kwanza, amevaa kitambaa cha njano kichwani. Alikuwa amesimama tu, akitutazama.

"Miaka kumi na moja sijamuona," alisema. "Jana nilimuamkia muntu mwingine. Nilizania njo yeye."

Wakamwita mezani. Nilimsindikiza kwa sababu ya sikio lake. Afisa alikuwa kijana, amechoka, jasho limelowesha mgongo wa shati lake. Aliuliza jina, akaandika. Akauliza anakokwenda, akaandika. Kisha akauliza bila kuinua kichwa:

"Kazi?"

Jirani yangu aligeuka kumtazama binti yake. Nikadhani hakusikia, nikaanza kujibu kwa niaba yake. Aliniwekea mkono begani, taratibu, ninyamaze.

"Andika, baba ya ule mwanamuke pale."

Afisa aliinua kichwa. "Muzee, ile haiko kazi."

"Iko kazi," alisema. "Ni miye sikuifanya."

Afisa alimtazama, kisha akamtazama yule mwanamke mwenye kitambaa cha njano. Sikuona aliandika nini. Alipiga muhuri, akatoka nyuma ya meza, akaenda mwenyewe kuinua kile chuma, juu kidogo tu, kiasi cha mtu mmoja kupita akiwa ameinama.

Binti alilipokea begi, akabaki nalo mkononi, halafu akaliweka chini kwenye vumbi ili mikono yake yote miwili iwe huru. Chuma kikashuka.

Dereva wangu alikuja nyuma yangu kuuliza kama tugeuze lori turudi. Nilimwambia angoje kidogo.